Safu Zisizoonekana: Uhakiki wa Uingizaji wa Malahajedwali Makubwa katika Ramani za Mtandaoni, kwa Mfano wa Rumonge na Ufuko wa Burundi wa Ziwa Tanganyika

Ikisiri

Makala hii inahakiki utaratibu wa kuingiza malahajedwali makubwa katika programu za ramani za mtandaoni, ikitumia mji wa Rumonge na ufuko wa Burundi wa Ziwa Tanganyika kama kipimo. Hoja yake kuu ni kwamba ramani inayotokana na lahajedwali ni matini iliyohaririwa, na kwamba sehemu kubwa ya uhariri huo hufanyika wakati wa uingizaji, msomaji asipouona. Maamuzi manne yanachunguzwa: namba inavyosomwa, jina la mahali linavyotafutiwa nukta, safu mbili za mahali pamoja zinavyoonyeshwa, na kikomo cha programu kinavyoamua kinachoachwa. Makala inapendekeza kwamba kila ramani ya aina hii itolewe pamoja na taarifa ya safu zilizokataliwa, zilizokisiwa na zilizofunikwa.

1.0 Utangulizi

Ramani za mtandaoni zimekuwa chombo cha kawaida cha utafiti na ushauri wa sera katika Afrika Mashariki. Ushahidi ilianzishwa Kenya mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, ili taarifa za wananchi zionekane kwenye ramani. Ramani Huria ilianza Dar es Salaam mwaka 2015 kwa kuchora maeneo yanayokumbwa na mafuriko, wanafunzi wa vyuo wakishirikiana na wakazi wa kata husika. Katika miradi hiyo miwili data ilizaliwa pamoja na ramani. Njia inayotumika zaidi maofisini leo ni nyingine: lahajedwali lenye maelfu ya safu, lililokusanywa kwa madhumuni tofauti na pengine na watu tofauti, hupakiwa katika programu, na baada ya dakika chache alama hutawanyika juu ya nchi.

Wepesi huo ndio unaohitaji kuhakikiwa. Ramani hupokewa na mshauri wa sera kama picha ya hali ilivyo, ilhali ni tafsiri ya jedwali iliyofanywa na mashine kwa kanuni ambazo mara nyingi hata aliyepakia hakuzichagua. Makala hii haihukumu ramani ya taasisi yoyote. Inahakiki utaratibu wenyewe, na ufuko wa Rumonge umechaguliwa kwa sababu pale vitu vinne ambavyo programu hudhani vimetulia havijatulia: namna ya kuandika namba, mipaka ya utawala, mstari wa maji, na umiliki wa ardhi.

2.0 Namba Inapovuka Lugha

Rumonge iko takriban latitudo 3.97 kusini mwa ikweta na longitudo 29.44 mashariki. Katika kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa, kama zilivyo nyingi nchini Burundi, viwianishi hivyo huandikwa -3,97 na 29,44, kwa mkato badala ya nukta. Faili hiyo ikihifadhiwa kama matini ambayo safu wima zake hutenganishwa kwa mkato, kisha ikasomwa na programu iliyozoea Kiingereza, namba moja huweza kukatwa vipande viwili: -3 kikawa katika safu wima moja na 97 katika inayofuata. Kila kilicho kulia kwake husogea, na longitudo huchukuliwa kutoka mahali pasipo pake.

Makosa makubwa ya aina hii yana faida moja, nayo ni kwamba hujifichua. Alama ya kutoa ikipotea, Rumonge huhamia karibu na Hifadhi ya Garamba, kaskazini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Latitudo na longitudo zikibadilishana nafasi, mwalo wa wavuvi huibukia katika Jangwa la Sahara nchini Algeria. Mtazamaji yeyote atagundua.

Kosa la hatari ni lile dogo. Desimali mbili zinaonekana kutosha kwa mwenye kusoma jedwali, lakini digrii moja ya latitudo ni takriban kilomita 111. Kwa hiyo kukadiria kwa desimali mbili kunaweza kuihamisha nukta kwa mita 550 hivi kuelekea kaskazini au kusini, na karibu kiasi hichohicho mashariki au magharibi. Katika uwanda mpana umbali huo hauleti madhara makubwa. Katika ukanda wa Imbo kati ya Gitaza, Magara, Minago na Rumonge, ambako barabara, nyumba na mashamba yamebanwa kati ya milima na maji, mita 550 zinaweza kuizamisha nyumba iliyo salama au kuiokoa, kwenye ramani tu, nyumba iliyokwisha kuzama. Maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda sana katika miaka ya karibuni na kuzifukuza familia nyingi za ufukoni. Picha ya msingi ya programu inaweza kuwa ilipigwa kabla ya maji kupanda. Hivyo nukta yenye shaka huwekwa juu ya ufuko wenye shaka, na matokeo yake huonekana kama uhakika. Anayeamua nani ahamishwe au asaidiwe kwa ramani ya namna hiyo anaamua kwa desimali ambazo hakuzihesabu.

3.0 Jina Moja Mahali Pengi, Mahali Pamoja Majina Mengi

Pale lahajedwali lisipokuwa na viwianishi, programu hutafuta mahali kwa jina. Tuchukue Bugarama. Lipo katika eneo lililokuwa mkoa wa Rumonge. Lipo pia katika njia panda ya nyanda za juu za Muramvya. Lipo Rwanda, katika wilaya ya Rusizi. Na lipo Tanzania, karibu na mgodi wa Bulyanhulu. Programu huchagua mojawapo na kuweka alama yenye rangi na ukubwa uleule wa alama zilizopimwa kwa chombo uwandani. Hakuna kinachomwambia msomaji kwamba moja imepimwa na nyingine imekisiwa.

Upande wa pili wa tatizo ni mabadiliko ya utawala. Kabla ya 2015 Rumonge ilikuwa komini ya mkoa wa Bururi. Mwaka 2015 uliundwa mkoa wa Rumonge kwa kumega sehemu za Bururi na Bujumbura Vijijini. Sheria ya 2023 iliamua kupunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5 na komini kutoka 119 hadi 42, na mgawanyo huo ulipoanza kutumika mwaka 2025 Rumonge ikawa komini ya mkoa wa Burunga. Lahajedwali linalokusanya data za miaka ishirini litakuwa na kilima kimoja kilichoandikwa chini ya mikoa mitatu. Programu isiyojua historia hiyo itakigawa kilima hicho mara tatu, au itaonyesha kwamba ugonjwa, mavuno au wakazi wa "Rumonge" walipanda ghafla 2015 na kutoweka 2025. Mtafiti mzembe anaweza kuiandikia sera grafu iliyotokana na mabadiliko ya sheria.

Hapa Kiswahili chenyewe kina wajibu. Neno "kilima" katika jedwali la Burundi ni kitengo cha chini cha utawala; msomaji wa Kigoma akiliona katika kichwa cha safu wima atafikiria mwinuko wa ardhi. "Tarafa" hutumiwa na baadhi ya wafasiri kwa komini, ilhali nchini Tanzania ni kitengo kingine kabisa, kilicho kati ya wilaya na kata. Samaki nao hawakusalimika: anayeitwa mukeke Rumonge ni mgebuka Kigoma, na ndagala ni dagaa. Jedwali la pamoja la nchi za ziwa likiingizwa bila kusanifishwa, programu humpa samaki mmoja rangi mbili, na mpaka wa lugha huonekana kama mpaka wa kiikolojia. Usanifishaji wa istilahi, ambao mara nyingi huchukuliwa kuwa kazi ya kamusi, hapa unaamua kama hesabu ni sahihi.

4.0 Alama Moja Juu ya Madai Mawili

Suala zito zaidi ni ardhi. Baada ya machafuko na mauaji ya 1972, Warundi wengi wa ukanda wa Rumonge na Nyanza-Lac walikimbilia Tanzania. Mashamba yao, yakiwemo ya michikichi, yalichukuliwa na wengine, baadhi kwa kugawiwa na mamlaka. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 uligusia haki ya waliorejea kudai mali zao, na mwaka 2006 ikaundwa tume ya kitaifa ya ardhi na mali nyingine. Tangu hapo shamba moja la Rumonge limeweza kuwa na watu wawili wenye hoja za kweli: aliyelirithi kabla ya kukimbia, na aliyelilima kwa miongo kadhaa akiamini ni lake.

Katika lahajedwali madai hayo ni safu mbili. Kila safu ina jina lake, tarehe yake, ushahidi wake. Zikiingizwa katika ramani ya kawaida ya alama, kwa kuwa viwianishi vyake ni vilevile, alama moja huwekwa juu ya nyingine. Mtazamaji huona moja. Hakuna safu iliyokataliwa wala onyo lililotolewa. Kwa kipimo cha programu kazi imefanyika kikamilifu. Hata hivyo jambo ambalo jedwali lilikuwepo ili kulihifadhi, yaani kwamba mahali hapa pana mgogoro, limefutwa na ramani. Nani aliye juu na nani aliye chini huweza kutegemea tu mpangilio wa safu katika faili.

Suluhisho la haraka, yaani kuzitenganisha alama kidogo ili zote zionekane, linaleta uongo mwingine, kwa kuwa linawapa wadai wawili mashamba mawili. Na kuweka majina yao wazi mtandaoni ni kuwaweka katika hatari ambayo hakuna faida ya kitaaluma inayoweza kuihalalisha. Kwa data ya aina hii ramani inayofaa ni ya eneo: idadi ya madai kwa kila kilima, bila nukta na bila majina.

5.0 Zana na Mipaka Yake

Programu zenyewe hazifanani. Google My Maps hupokea safu zisizozidi 2,000 katika kila tabaka, na tabaka zisizozidi 10. Vilima vya utawala vya Burundi vinazidi 2,000. Kwa hiyo hata orodha sahili yenye safu moja kwa kila kilima haienei katika tabaka moja. Mtumiaji hulazimika kugawa, kufupisha au kuacha, na mara nyingi hugawa kwa mikoa, kigezo kilekile kilichobadilika mara mbili katika miaka kumi. Programu hiyo humjulisha anayehariri kwamba baadhi ya safu hazikuweza kuonyeshwa, nalo ni jambo la kusifiwa. Lakini taarifa hiyo haiwi sehemu ya ramani anayotumiwa msomaji.

QGIS, ambayo ni huru na hufanya kazi bila intaneti, humruhusu mtumiaji kutamka kwamba desimali zake zimeandikwa kwa mkato, na humtajia safu zenye viwianishi visivyosomeka. Udhaifu wake ni kwamba inadai mafunzo na kompyuta yenye uwezo. Lipo pia suala la kudumu. Fusion Tables ya Google, iliyotegemewa na watafiti na wanahabari wengi kwa kuweka majedwali makubwa kwenye ramani, ilifungwa tarehe 3 Desemba 2019. Waliokuwa wamehifadhi lahajedwali la asili walianza upya. Waliokuwa wamebaki na ramani tu walipoteza vyote viwili.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uhakiki huu haudai kwamba ramani za mtandaoni ziachwe. Mfanyakazi wa afya au wa uvuvi aliye Rumonge hana chombo kingine kitakachomwonyesha haraka hivyo hali ya ufuko mzima. Unachodai ni kwamba uingizaji utambuliwe kuwa hatua ya utafiti, yenye kuelezwa kama mbinu nyingine zinavyoelezwa.

Mapendekezo ni manne. Kwanza, kila ramani itolewe na taarifa fupi inayotaja safu zilizokuwemo katika lahajedwali, zilizoingia, zilizokataliwa, zilizowekwa kwa kukisia jina, na zilizoshiriki nukta moja. Pili, kila safu ya Burundi ibebe jina la mkoa na komini kwa vipindi vyote vitatu, yaani kabla ya 2015, 2015 hadi 2025, na baada ya hapo, pamoja na alama ya utambulisho isiyobadilika. Tatu, vyombo vya Kiswahili vya kanda viandae orodha ya pamoja ya istilahi za vitengo vya utawala na za viumbe wa ziwa, ili vichwa vya safu wima viwe na maana moja kutoka Rumonge hadi Kigoma na Kalemie. Nne, madai ya ardhi yasiwekwe hadharani kama nukta.

Pendekezo la kwanza halihitaji fedha wala sheria. Linahitaji mistari mitano chini ya ramani, na mshauri wa sera anayekataa kuipokea ramani isiyo nayo.