Mgeni Aliyeificha Bunduki: Uhakiki wa Filamu "Nanook of the North"

Masimulizi ya safari hayaishii vitabuni. Filamu nayo yaweza kuwa simulizi la msafiri. Tumechagua kuihakiki "Nanook of the North", iliyotolewa mwaka 1922 na Mmarekani Robert Flaherty. Kati ya mwaka 1920 na 1921 aliishi miongoni mwa Wainuit wa Inukjuak, mahali padogo pwani ya Ghuba ya Hudson, kaskazini mwa Kanada, gharama zake zikilipwa na kampuni ya Kifaransa iliyofanya biashara ya manyoya.

Kwa upande wa fani, sifa zake hazina ubishi. Mwindaji anavizia sili juu ya tundu la barafu. Kisu kinakata matofali ya theluji hadi nyumba inasimama. Msanii ametazama kwa subira, na mtazamaji hulazimika kutazama kwa subira ile ile.

Kasoro imo katika maudhui. Mtu anayeitwa Nanook jina lake lilikuwa Allakariallak, na wanawake wanaoonyeshwa kuwa wake zake hawakuwa wake zake. Nyumba moja ya theluji iliachwa wazi upande mmoja ili kamera ipate mwanga. Wainuit hao walikuwa wamekwisha kuzoea bunduki, ila msafiri alitaka wawinde kwa chusa kama mababu zao. Katika kisa cha santuri, mwindaji anaiuma kama kitu asichokifahamu. Hali wenyeji hao hao ndio waliomsaidia Flaherty katika kazi ya kusafisha picha zake.

Watetezi husema kwamba alitaka kuhifadhi mila zilizokuwa zikitoweka, tena wenyeji walishirikiana naye. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kuhifadhi mambo ya jana ni kazi moja, na kuyatangaza kuwa ndiyo ya leo ni kazi nyingine. Mtazamaji wa mbali hakuelezwa tofauti hiyo, akabaki na picha ya watu wanaoweza kuishi popote penye barafu, wasiohitaji kitu.

Hatari ya picha kama hiyo si ndogo. Mwaka 1953 na 1955 serikali ya Kanada ilizihamisha familia kadhaa za Inukjuak hadi Resolute na Grise Fiord, kiasi cha kilometa 2,000 kaskazini zaidi, ambako jua halichomozi kwa miezi kadhaa ya majira ya baridi. Ahadi ya kuwarudisha wakitaka haikutimizwa, na serikali iliomba radhi mwaka 2010. Miongoni mwa waliohamishwa mwaka 1955 alikuwamo Josephie, mwana wa Flaherty, ambaye baba yake hakurudi kumwona. Hatusemi kwamba filamu ndiyo iliyowahamisha. Tunasema kwamba asiyejulikana anavyoishi ni rahisi kuamuliwa aishi wapi.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi walimu wenzetu, tunapoionyesha filamu hii darasani, au tunaposahihisha insha za safari, tumwulize mwanafunzi swali hili kwanza: je, mwenyeji akiyasoma haya, atajitambua?