Kumjua Kigogota

Anayeteremka kutoka Maua kuelekea Mbuga ya Kitaifa ya Meru huyaacha mashamba ya miraa na baridi ya vilima vya Nyambene, na muda si muda yuko kwenye joto la migunga. Kwa mtambuzi wa ndege, njia hiyo ni darasa. Vigogota hufanana mno machoni pa asiyejua pa kutazama.

Mjuzi hutanguliza masikio. Huko chini kwenye migunga kigogota wa Nubia, Campethera nubica, huita kwa ukali kama chuma kinachogongwa, akizidi kuharakisha kisha akapoa, na mara nyingi mwenzake humjibu. Hapo ndipo macho yanapoingia kazini. Kifua kina madoa, hakina michirizi. Shavuni dume ana mstari mwekundu. Wa jike ni mweusi wenye vitone vyeupe, na wekundu wake uko kisogoni tu. Humohumo yumo kigogota mdogo wa jenasi ya Dendropicos, D. fuscescens, mwenye paji la kahawia na michirizi kifuani. Ndege huzunguka upande wa pili wa shina kufumba na kufumbua, na kabla hajapotea mjuzi awe amekwisha kuyasoma hayo yote. Ustadi huo nauheshimu sana.

Kumpangia ndege ukoo wake ni kazi ndefu zaidi. Katika misitu ya milima ya Kenya yuko kigogota mwenye mgongo wa kijani na milia myembamba tumboni, ambaye wataalamu wa ndege Reichenow na Neumann walimpa jina taeniolaema mwaka 1895. Miaka mitatu kabla, mtaalamu mwingine, Sjöstedt, alikuwa amemweleza kigogota anayefanana naye, tullbergi, wa milima ya Kamerun. Kati ya milima hiyo limelala bonde zima la Kongo. Je, ni spishi moja iliyotengana, au ni mbili? Vitabu vingine huwaunganisha, vingine huwatenga. Jibu hutafutwa katika milio, katika vinasaba, na katika ngozi zilizohifadhiwa kwenye droo za makumbusho, kila moja na kikaratasi cha mahali na tarehe ilipopatikana. Kikaratasi kikipotea, ngozi hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake.

Ndiyo maana nampenda mtambuzi anayeandika daftarini, bila kuona haya, “kigogota, spishi haijulikani”, kisha akaongeza saa, mti, mwinuko na mlio aliousikia. Mwingine atakayepita msitu huohuo ataanzia hapo.