Hongera kwa Wanaofundisha Kupanda

Klabu ya Milima ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1949, inastahili pongezi za dhati: wanachama wake hufundishana kupanda kabla ya kuukabili Mlima Kenya. Kilele chake cha Lenana, mita 4,985, hufikiwa kwa miguu. Kile cha Batian, mita 5,199, ni mwamba mtupu. Hakipandiki bila ujuzi na mwenzako wa kukushikia kamba. Ndiyo maana mafunzo huanzia chini, kwenye majabali ya Lukenya na Hell's Gate: kufunga fundo na kukagua la mwenzako, kumshikilia anayepanda, kuteremka kwa kamba. Apandaye juu lazima pia autambue ugonjwa wa mwinuko: kichwa kikigonga na kichefuchefu kikija, usiendelee kupanda; hali ikizidi, shuka mara moja.

Safari nazo hufuata jua: takriban Juni hadi Oktoba upande wa kaskazini wa Batian, Desemba hadi Machi upande wa kusini.

Wakongwe wanaojitolea mwisho wa juma kumfunza mgeni wanaokoa maisha. Kijana unayeutamani mlima, nenda ukajifunze. Ukishajua, mfunze mwingine.