Mpaka wa Silabi na Mkazo katika Maneno Ambatano ya Kiholanzi

Katika uchambuzi wa Kiholanzi hudaiwa mara nyingi kwamba silabi hugawanywa kwa sauti peke yake: konsonanti zilizo baina ya irabu mbili huambatana na irabu ifuatayo, mradi lugha yaruhusu neno kuanza na mfuatano huo. Kanuni hii yafaa kwa neno sahili. Kwa neno ambatano haisimami.

Chukuliwe umbo dijkramp. Likitokana na dijk na ramp, maana yake ni maafa ya boma la kuzuia maji. Likitokana na dij na kramp, ni kukakamaa kwa misuli ya paja. Kwa kuwa Kiholanzi chakubali maneno yanayoanza na kr, kanuni hiyo ingetoa dij-kramp daima. Mkazo nao hauamui, kwani katika maana zote mbili huangukia silabi ya kwanza.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni goudader, mkondo wa dhahabu mwambani. Herufi d ya goud hutamkwa t, kama itamkwavyo mwishoni mwa neno, ingawa irabu yafuata. Silabi imefungwa pale sehemu ya kwanza inapokoma.

Hata hivyo, si kila mpaka wa mofimu wenye nguvu hiyo. Geert Booij, katika The Phonology of Dutch (1995), afanya neno la kifonolojia kuwa eneo la kugawa silabi, na hoja yake ina uzito. Rodig na roodachtig zote zaeleza wekundu hafifu. Katika rodig, d hubaki na ghuna na kuanzisha silabi ya kiambishi -ig. Katika roodachtig hutamkwa t, ijapokuwa -achtig nayo ni kiambishi tu.

Yabaki suala la mkazo. Kwa kawaida sehemu ya kwanza ndiyo ikazwayo, lakini stadhuis, jumba la baraza la mji, hukazwa sehemu ya pili. Vivyo hivyo zuidoost, kusini-mashariki. Na katika zuidoost, d hutamkwa t mbele ya irabu yenye mkazo. Mkazo umehama, mpaka haukuhama.

Kwa hiyo anayetafuta mpaka wa silabi kwa kufuata mkazo aanza na lisilo thabiti. Budi kwanza ayatambue maneno ya kifonolojia, ndipo agawe silabi, kisha aueleze mkazo.