Kinga ya mwili: duka la mitumba, siyo fundi cherehani

Kuna mfano tunaupenda sana tukieleza kinga ya mwili: kichanga anazaliwa na jeshi lisilojua kitu, halafu vijidudu vinakuja kulifundisha. Hata mimi nimeutumia darasani. Unaeleweka haraka, tatizo ni kwamba umekosea.

Wazo lenyewe lina ukoo wa heshima. Mwaka 1940 Linus Pauling alipendekeza kwamba kingamwili hujikunja kufuata umbo la antijeni, yaani mgeni ndiye kipimo, kama kwa fundi cherehani. Mwaka 1957 Macfarlane Burnet akaligeuza: seli zenye vipokezi vya kila namna zipo tayari, antijeni inachagua tu inayoikaa, na hiyo ndiyo inazaliana. Ni duka la mitumba. Shati lilishashonwa kabla mteja hajafika. Mwaka 1976 Susumu Tonegawa akaonyesha jinsi linavyoshonwa: vipande vya jeni hukatwa na kuunganishwa upya, mithili ya kuchanganya karata. Hapo kijidudu hahitajiki kabisa.

Ila na wanaosema kichanga yuko tayari kwa kila kitu wanatia chumvi. Miaka ya 1960 Arthur Silverstein na wenzake waliwadunga antijeni wanakondoo wakiwa bado tumboni. Walitengeneza kingamwili dhidi ya kirusi cha bakteria mapema, kabla ya nusu ya mimba. Kwa protini ya yai, hadi mimba ilipokaribia kuisha. Duka lipo, lakini mzigo unaingia kidogo kidogo.

Mbona nang'ang'ania? Kwa sababu mfano mbovu unazaa uamuzi mbovu. Ukiamini kinga ya kichanga haijui kitu, BCG anayochomwa akizaliwa utaiona kazi bure, wakati chanjo inategemea seli ambazo tayari anazo. Mfugaji naye anachanganywa. Ndama huzaliwa karibu bila kingamwili, maana kondo la ng'ombe haliziruhusu kupita. Seli za kuzitengeneza anazo, ila zinahitaji muda, ndiyo maana lazima anywe dang'a saa za mwanzo kabisa. Kukosa kingamwili na kukosa uwezo wa kutambua ni vitu viwili.

Mfano wangu nao una tundu: hausemi nani anatoa dukani mashati yanayomkaa mwenye duka mwenyewe, yaani seli zinazoweza kuushambulia mwili. Lakini angalau haumfanyi mteja kuwa fundi.