Siku za Pole Zilizozaa 1:59:40

Tarehe 12 Oktoba 2019, saa mbili na robo asubuhi kwa saa za Vienna, Eliud Kipchoge alianza kukimbia akitokea kwenye daraja la Reichsbrücke. Alipomaliza, saa ilisoma 1:59:40, na kwa mara ya kwanza binadamu alikuwa amekimbia kilomita 42.195 chini ya saa mbili. Tangu siku hiyo yamesemwa mengi kuhusu viatu vyake vyenye soli nene, gari la umeme lililomulika mistari ya kijani barabarani, na wakimbiaji 41 waliopokezana kumkinga upepo. Kwa sababu wasaidizi waliingia na kutoka njiani, na vinywaji vilimfikia kwa baiskeli, muda huo haukuandikwa kuwa rekodi rasmi ya dunia.

Ukivitazama vifaa vile kimoja kimoja unagundua kwamba karibu vyote vilifanya kazi moja: kumzuia asizidishe mwendo wala asiupunguze. Kipchoge alikuwa na kasi ya kutosha siku nyingi. Akiwa na miaka 18 tu, mwaka 2003 jijini Paris, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000. Kilichohitaji kujengwa ni uwezo wa kuigawa kasi ile sawasawa kwa saa mbili kasoro, na uwezo huo haukujengwa Vienna. Ulijengwa kwenye kambi yake ya mazoezi ya Kaptagat, katika siku ambazo hakuna kamera, na nyingi za siku hizo zilikuwa za mwendo wa pole. Hapo ndipo sisi wengine, wenye vitambi na kazi za ofisini, tuna la kujifunza.

Tuanze na hesabu. Kila kilomita ikikimbiwa kwa dakika 2 na sekunde 50, marathon nzima huchukua 1:59:33. Hiyo ni akiba isiyofika nusu dakika kwa safari yote. Ni sawa na kukimbia mita 100 kwa sekunde 17, kisha kurudia hivyo mara 421 bila kupumzika. Mtu akisikia hivyo hudhani hatari kubwa ni kuchelewa. Kuwahi nako kuna gharama yake. Mkimbiaji anayekimbia kilomita moja kwa 2:42 amejipatia sekunde 8, lakini misuli yake imechoma kwa pupa wanga uliohifadhiwa ndani yake, yaani glaikojeni. Hifadhi hiyo ina kikomo, na ndiyo maana wengi huanza kuburuza miguu baada ya kilomita 30. Sekunde 8 za mapema zinaweza kulipwa kwa dakika nzima baadaye.

Kwa hiyo mistari ya mwanga ilikuwepo ili yeyote asikosee kwa bidii. Wasaidizi saba walikimbia naye kwa wakati mmoja: watano mbele katika umbo la V iliyofunguka kuelekea mbele, ncha yake ikiwa karibu na Kipchoge, na wawili nyuma. Kule Monza nchini Italia, mwezi Mei 2017, alipojaribu mara ya kwanza na kumaliza kwa 2:00:25, mpangilio ulikuwa wa mshale unaoelekeza ncha mbele. Safari hii waliugeuza. Barabara ya Hauptallee ndani ya bustani ya Prater nayo ilichaguliwa kwa sababu ni tambarare, imenyooka, na ina miti pande zote mbili. Vienna iko nyuma ya Kenya kwa saa moja tu mwezi Oktoba, hivyo usingizi wake haukuvurugika. Hata siku yenyewe haikutangazwa mapema kabisa. Waandaaji waliacha nafasi ya siku kadhaa wakisubiri hali ya hewa iliyo bora. Matokeo yake, kila kilomita 5 zilikimbiwa kwa dakika 14 na sekunde chache, kuanzia mwanzo hadi mwisho, tofauti ikiwa sekunde za kuhesabika kwa vidole.

Sasa twende Kaptagat, si mbali na Eldoret, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Kocha ni Patrick Sang, aliyeshinda medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Ratiba ya wiki inajulikana na haina fumbo. Jumanne ni uwanjani, marudio ya kasi. Alhamisi ni mbio ndefu ya kilomita 30 au 40. Jumamosi ni ya kubadilisha mwendo: dakika kadhaa kwa nguvu, dakika moja pole, tena na tena. Siku nyingine zote ni za kukimbia taratibu, asubuhi na mara nyingi jioni pia. Kwa jumla hupita kilomita 200 kwa wiki. Kipchoge mwenyewe ameeleza kwamba katika siku zile tatu ngumu hutumia kama asilimia 80 ya uwezo wake, na siku zilizobaki kama asilimia 50. Asilimia 100 huiweka kwa ajili ya shindano.

Siku ya mwendo mwepesi ndiyo inayostahili kutazamwa kwa karibu. Kundi linatoka kambini alfajiri kuna baridi, wamevaa jaketi na kofia za sufu. Hatua za kwanza ni za kujikokota. Bingwa wa Olimpiki na kijana asiyejulikana wanakwenda bega kwa bega kwenye barabara ya udongo mwekundu, kwa mwendo wa dakika 5 kwa kilomita, wakati mwingine taratibu kuliko hivyo. Huo ni zaidi kidogo tu ya nusu ya kasi ya Vienna. Mkimbiaji wa kawaida wa mtaani kwako, anayejitahidi wikendi, angeweza kwenda nao kilomita mbili tatu za mwanzo. Mwendo hupanda kidogo kidogo kadiri mwili unavyopata joto, na wanarudi wakiwa wamechangamka, bila mtu kuwa hoi.

Mwendo huo wa taratibu una kazi yake mwilini. Moyo hujifunza kusukuma damu nyingi kwa kila pigo. Mishipa midogo kabisa ya damu huongezeka ndani ya misuli. Mitokondria, zile sehemu za seli zinazozalisha nguvu, huongezeka pia, na mwili huzoea kutumia mafuta ili kuutunza wanga. Kano na mifupa, ambazo hukua imara polepole kuliko misuli, hupata muda wa kuzoea uzito wa kila hatua. Na kwa sababu mkimbiaji hakuumia wala hakuchoka Jumatatu, Jumanne anaweza kufanya kazi ngumu ipasavyo.

Linganisha na tunavyofanya sisi. Mtu ameamua Januari kwamba mwaka huu lazima apungue. Siku ya kwanza anakimbia hadi anatapika, siku ya pili magoti yanauma, ya tatu anakaza roho na kwenda tena kwa nguvu zilezile. Kabla mwezi haujaisha raba zimerudi uvunguni. Watu husema hana nidhamu. Mimi nasema alikuwa na bidii nyingi mno na breki haba. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Na wastani maana yake ni mwendo ambao unaweza kuongea na mwenzako sentensi nzima ingawa huwezi kuimba. Kutembea haraka kando ya bahari Mombasa au Dar es Salaam kunatosha kabisa kuanzia. Nawasihi wanaoanza walichukue hili kwa uzito: ukishindwa kuongea, punguza, na usione haya.

Kwenye chakula mambo ni magumu zaidi, na hapa ndipo watu wengi huiga vibaya. Kila bingwa wa Kenya anaposhinda, mtu husema siri ni ugali. Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta na wenzake walichapisha mwaka 2004 utafiti uliowafuatilia wakimbiaji 10 mahiri wa Kenya kwa siku 7, kila wanachokula kikipimwa. Zaidi ya robo tatu ya nishati yao ilitoka kwenye wanga: ugali, wali, mkate, viazi, maharage, kabichi. Nyama ilikuwa kidogo. Ugali peke yake ulileta kama robo. Sukari, nyingi yake kwenye chai ya maziwa, ilileta takriban moja ya tano ya nishati yote.

Moja ya tano! Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi moja ya kumi. Lakini wakimbiaji wale walikuwa wakichoma kalori zaidi ya 3,500 kwa siku, na utafiti ule ulionyesha kwamba walichokula kilikuwa pungufu kuliko walichotumia. Sukari ile ilikuwa inaingia kwenye misuli iliyokauka. Karani anayeshinda ameketi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, akanywa chai ileile yenye vijiko vitatu na kula mlima uleule wa ugali, hana mahali pa kuupeleka. Sahani ya bingwa ni jibu la kilomita 200, na asiyezikimbia atafute sahani yake.

Hata hivyo yapo ya kuchukua mezani pao. Chakula chao ni cha nyumbani, cha shamba jirani: mboga za kienyeji kama managu, maharage, maziwa, matunda. Soda na vyakula vya kukaanga havina nafasi kubwa. Wanakula kwa saa zinazojulikana, na pamoja, hivyo hakuna anayekula kwa upweke wala kwa kuchoka. Kwetu mabadiliko yanaweza kuwa madogo na yakaleta faida: sembe ibadilishwe kwa dona, mboga ichukue nusu ya sahani na ugali urudi pembeni, sukari ipungue kijiko kimoja kwanza kabla ya kufikiria kuiacha. Mtu anayekata kila kitu Jumatatu hufanana sana na yule aliyekimbia hadi kutapika, na mwisho wao ni mmoja.

Kipande cha mwisho cha kazi ile ni kalamu na daftari. Kipchoge ameandika mazoezi yake kwa mkono miaka na miaka: umbali, muda, jinsi mwili ulivyojisikia. Naliona daftari kuwa kifaa chenye thamani kuliko viatu vyovyote. Mwaka 2012 alikosa nafasi kwenye timu ya Kenya ya Olimpiki ya London, na mwaka uliofuata akahamia marathon, akashinda Hamburg kwa 2:05:30. Kutoka hapo hadi 1:59:40 ni miaka sita na nusu. Hakuna siku moja ndani ya miaka hiyo ambayo mtu angeweza kuamka na kutimiza lengo la kukimbia chini ya saa mbili. Kinachowezekana kwa siku ni kilomita 18 za pole, kulala mapema, kuandika.

Ndiyo maana lengo la kupunguza kilo 10 kufikia Desemba huwachosha watu. Huwezi kupunguza kilo 10 leo. Unaweza kutembea leo. Unaweza kula mboga leo, ukaandika kwamba umetembea dakika 30 na goti la kushoto linavuta kidogo. Baada ya miezi miwili kurasa zile zitakuonyesha jambo ambalo mizani haionyeshi: kwamba mlima uliokuwa ukikutoa jasho sasa unaupanda ukiongea. Sang na mwanafunzi wake walifanya kazi kwa namna hiyo, lengo kubwa likiwa limeandikwa mahali, macho yakiwa kwenye kazi ya siku.

Nani anaweza kupima thamani ya kujizuia? Kwa bahati zipo mbio tatu zinazotusaidia. Berlin 2018, Kipchoge alikimbia nusu ya kwanza kwa 1:01:06 na ya pili kwa 1:00:33, akaweka rekodi ya dunia ya 2:01:39, ingawa msaidizi wa mwisho alijitoa kwenye kilomita 25. Chicago, Oktoba 2023, marehemu Kelvin Kiptum alikimbia nusu ya kwanza kwa 1:00:48, ya pili kwa 59:47, jumla 2:00:35. Wote wawili walianza taratibu kuliko walivyomaliza. Katikati yake kuna Berlin 2022. Kipchoge, akielekea miaka 38, alipita nusu kwa 59:51, yaani mwendo wa Vienna, lakini bila gari, bila mistari, na bila kundi la kupokezana kumkinga hadi mwisho. Nusu ya pili ilimchukua 1:01:18. Alivunja rekodi yake mwenyewe kwa nusu dakika, 2:01:09, na hilo ni tukio kubwa. Lakini kati ya nusu hizo mbili kuna tofauti ya sekunde 87, na sidhani kwamba zote ziliondoka na umri au upepo. Nyingi ziliondoka katika kilomita za mwanzo, pale mwili ulipokuwa mbichi na hapakuwa na mstari wa kijani wa kumwambia inatosha.