Badali ya Ahadi: Uchambuzi wa Istilahi Moja ya Sheria ya Mikataba

Miongoni mwa istilahi za sheria zinazowasumbua wafasiri wetu, chache zimepata tafsiri nyingi zisizopatana kama ile ambayo mawakili huitamka konsideresheni. Katika mazungumzo ya kila siku neno hilo la Kiingereza lina maana ya kufikiri jambo au kulitia maanani. Katika sheria ya mikataba lina maana ya kile ambacho mtu hutoa, hutenda au hujizuia kutenda ili apate ahadi ya mwenzake. Maana hizo mbili zilikwisha kuachana zamani huko Uingereza kwenyewe, na mwenye kuzichanganya hapa kwetu hatafsiri sheria, bali anatafsiri kamusi.

Suala hili si la wataalamu peke yao. Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 iliirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa Kiingereza kimeachiwa nafasi pale maslahi ya haki yanapokihitaji. Kwa hiyo neno tutakalolichagua ndilo litakalompa mtu haki yake au kumnyima.

Tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961, ambayo leo ni Sura ya 345, ilichukua mahali pa Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872 iliyokuwa ikitumika Tanganyika, lakini ikabakiza sehemu kubwa ya maneno yake. Kifungu cha 2 chasema kwamba, kwa matakwa ya mtoa ahadi, mpokea ahadi au mtu mwingine yeyote akiwa ametenda au amejizuia kutenda jambo, au akitenda au akijizuia, au akiahidi kutenda au kujizuia, basi tendo hilo, au kujizuia huko, au ahadi hiyo, ndiyo konsideresheni. Msomaji na aupime kwa makini upana wa maneno hayo, kwa kuwa istilahi zote zilizopo huangukia hapo.

Ya kwanza ni mazingatio. Twaikuta katika hati za mauziano ya viwanja, zenye kusema kwamba muuzaji anauza “kwa mazingatio ya shilingi” kadha wa kadha. Hatudhani kwamba kuna muuzaji aliyewahi kuzizingatia fedha hizo, yeye alizipokea. Neno hili halimwambii msomaji chochote, na laiti lisingekuwa na sura ya kitaalamu lingekwisha kuachwa.

Ya pili, malipo, ina nguvu zaidi, na walimu wengi wa sheria huitumia wanapotaja “malipo halali” kuwa sharti mojawapo la mkataba. Inaeleweka upesi. Hatari yake imo katika wepesi huo. Tuchukue mfano wa Buhare, kando ya Ziwa Viktoria mjini Musoma. Wakala wa samaki anamwahidi mvuvi nyavu mpya, na mvuvi, kwa matakwa ya wakala, anaahidi kutowauzia mawakala wengine sangara wake kwa msimu mzima. Wakala akikataa kutoa nyavu, mvuvi anaweza kwenda mahakamani. Akiulizwa “Ulilipa nini?”, hana jibu, maana hakutoa hata senti. Alichotoa ni ahadi ya kujizuia, na kifungu cha 2 kinaitambua waziwazi. Haki anayopewa na sheria ananyang'anywa na tafsiri.

Tena malipo humfanya msikilizaji afikirie bei inayolingana na kitu. Sheria yetu yasema kwamba mkataba wa hiari haubatiliki kwa sababu tu kilichotolewa ni kidogo, ingawa mahakama inaweza kuutazama uchache huo inapopima kama hiari ilikuwapo kweli. Huko Uingereza, katika kesi ya Chappell dhidi ya Nestlé iliyoripotiwa mwaka 1960, hata makaratasi ya chokoleti, ambayo kampuni ingeyatupa baada ya kuyapokea, yalihesabiwa kuwa sehemu ya konsideresheni. Nani angeyaita malipo?

Fidia tusiijadili sana. Ni haki ya mtu aliyedhurika, na hapa hakuna aliyedhurika.

Liko pia tatizo lililo nje ya kamusi. Wahenga walisema ahadi ni deni. Kifungu cha 25 chasema kinyume: makubaliano yasiyo na konsideresheni ni batili, ila katika hali chache zilizotajwa, kama vile ahadi iliyoandikwa na kusajiliwa, itokayo katika upendo wa asili baina ya ndugu wa karibu. Kanuni hii ni ngeni kwetu, lakini si ngeni kabisa, kwani wahenga haohao walisema mkono mtupu haulambwi. Mwalimu anayefundisha kifungu hiki angefanya vema kuziweka methali hizo mbili ubaoni pamoja.

Sisi twapendekeza badali, na kwa ukamilifu badali ya ahadi. Neno hili lina asili moja na badili na badala, na kitu chochote kinachotolewa ili kupata kingine chaweza kuwa badali: fedha, kazi, kujizuia, hata ahadi. Twajua litalaumiwa kwa kukaribiana na mbadala, na lawama hiyo ina uzito. Lakini mbadala hushika nafasi ya kitu kisichokuwapo, na badali hukabiliana na kitu kilichopo; mfasiri mwangalifu hatazichanganya.

Ubora mwingine ni kwamba badali haisemi wakati. Sheria yetu imekubali hata jambo lililokwisha kutendwa, mradi lilitendwa kwa matakwa ya mtoa ahadi. Jirani zetu wa Kenya, walio mpakani mwa Mkoa huu wa Mara, hufuata sheria ya mikataba ya Uingereza, ambayo kwa kawaida hulikataa tendo la nyuma. Kwa hiyo tafsiri iliyotungwa Nairobi isichukuliwe Musoma bila kuchunguzwa, hata kama Kiswahili chake ni kizuri.

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alipoitoa *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969 aliwapa Waswahili mkataba mashuhuri kuliko yote ya maigizo. Wanafunzi wengi hudhani kwamba ratili ya nyama ndiyo badali ya mkataba ule. Sivyo: badali ni fedha zilizokopeshwa, na nyama ni adhabu ya kuchelewa kulipa. Mfano huo wafaa pia kwa wanachuo wa Chuo cha Maendeleo ya Jamii Buhare, ambao kesho watavieleza vikundi mikataba ya mikopo, mahali ambapo adhabu na badali huchanganywa kila siku.

Kwa wanaotafsiri Sura ya 345, basi, twapendekeza kifungu cha 25 kianze hivi: “Makubaliano yasiyo na badali ni batili, isipokuwa”, na tafsiri ya badali katika kifungu cha 2 itaje kujizuia kwa jina lake, isikufiche ndani ya neno “tendo”.